Je, ng'ombe hutangulia ngamia? Swali lililozushwa na tarakilishi za kale

Wanafunzi wangu wa leksikografia hudhani kwamba mpangilio wa alfabeti ni jambo la kimaumbile, kama jua kuchomoza mashariki. Unabonyeza kitufe, maneno 50,000 yanajipanga, basi. Hawajui kwamba nyuma ya kitufe hicho mna maamuzi kuhusu lugha, na kwamba aghalabu maamuzi hayo yalifanywa na watu wasiojua Kiswahili hata chembe. Ili kuyaona waziwazi, hatuna budi kurudi kwenye tarakilishi za miaka ya 1980.

IBM ilitoa tarakilishi yake ya kibinafsi Agosti 1981. Mfumo endeshi wake, DOS, ulipofikia toleo la 2.0 mnamo 1983, ulikuja na kijiprogramu kilichoitwa SORT. Kazi yake ilikuwa moja: kusoma faili, kuipanga mistari na kuitoa ikiwa imepangika. Kiliweza kuanzia mwanzo wa mstari au safu uliyoitaja, na kupanga kinyumenyume ukipenda. Ni hayo tu. Sisi tuliokusanya msamiati kwa ajili ya utafiti tulikipokea kama mvua ya masika. Kabla ya hapo, kila neno liliandikwa kwenye kadi na kadi zikapangwa mezani. Upepo wa dirishani ukiingia, ni kilio.

Hata hivyo, kilikuwa na mipaka. Faili halikuweza kuzidi takriban kilobaiti 64, kwa kuwa kijiprogramu kililipakia lote katika kipande kimoja cha kumbukumbu, na kipande kimoja katika vichakataji vya wakati huo hakikupita kiwango hicho. Hebu tupige hesabu. Ikiwa neno la wastani lina herufi nane, na mwisho wa kila mstari una alama mbili, kilobaiti 64 hubeba maneno 6,500 hivi. Kamusi haimo humo. Pengine herufi A hadi K, kisha mlango unafungwa.

Hapo ndipo watu wa kujitolea walipoingia. Mwaka 1982 Mmarekani Andrew Fluegelman alikuwa ameanza kusambaza programu yake ya mawasiliano, PC-Talk, akiwaruhusu watu kuinakili na kugawiana, aliyependezwa atoe mchango. Mwaka uliofuata Richard Stallman akatangaza mradi wa GNU, uliodai uhuru zaidi: mtumiaji aruhusiwe kuona maagizo ya ndani ya programu na kuyarekebisha. Miongoni mwa matunda ya mradi huo ni programu ya kupanga mistari iliyoandikwa na Mike Haertel na Paul Eggert, ambayo baadaye ilihamishiwa hata kwenye DOS. Haikushindwa na faili kubwa. Hulikata vipande, ikakipanga kila kipande, ikavihifadhi kwenye diski, kisha ikaviunganisha kwa kulinganisha neno la juu la kila kipande na kuchukua linalotangulia. Ndivyo karani mwenye marundo manne ya kadi zilizokwisha kupangwa angefanya.

Mbinu hii ya kuunganisha ilifikiriwa na John von Neumann tangu 1945, na faida yake si haba. Ukiyapanga maneno 6,500 kwa njia ya kitoto, ya kulinganisha kila neno na kila jingine, utafanya milinganisho zaidi ya milioni 21. Kwa kuunganisha, haifiki 85,000. Kwenye mashine za zama zile, hiyo ndiyo tofauti kati ya kwenda kunywa chai na kwenda nyumbani kulala.

Kuna njia nyingine mashuhuri, na hii inatuhusu sisi wanaisimu moja kwa moja. Ilibuniwa na Mwingereza Tony Hoare alipokuwa mwanafunzi mgeni katika Chuo Kikuu cha Moscow, akishughulikia tafsiri ya mashine kutoka Kirusi. Kamusi ilikuwa kwenye utepe wa sumaku, kwa mpangilio wa alfabeti. Ili utepe usizungushwe mbele na nyuma kwa kila neno la sentensi, ilibidi maneno ya sentensi yapangwe kwanza. Kumbe basi mojawapo ya mbinu zinazotumika sana duniani, iliyochapishwa 1961, ilizaliwa kwa kutafuta maneno kamusini!

Mbinu ya Hoare ina kasi, lakini katika umbo lake la kawaida si thabiti: mistari miwili inayolingana inaweza kubadilishana nafasi. Kwa mtu wa hesabu hili ni dogo. Kwa mtu wa ngeli ni balaa. Chukua orodha ya nomino ambayo tayari imepangwa kialfabeti, kisha uipange upya kwa safu ya ngeli. Ukitumia mbinu thabiti, kila ngeli itabaki na nomino zake kwa alfabeti. Ukitumia isiyo thabiti, utapata ngeli zilizotengana vizuri na ndani yake fujo tupu.

Tuje sasa kwa ng'ombe. Mashine haijui herufi; inajua nambari. Katika msimbo wa ASCII, uliobuniwa Marekani miaka ya 1960, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Ukifuata nambari pekee, Mombasa hutangulia asali. Kistariungio ni 45, kwa hiyo vidahizo kama -zuri na -baya vyote hurukia kichwani mwa orodha. Na ile alama ya ng' ni 39, hivyo ng'oa na ng'ombe hutangulia ngamia.

Dawa iliyobuniwa ni jedwali la uzito: programu isilinganishe nambari za msimbo, bali uzito ambao mwenye lugha ameipa kila herufi. Lakini mwenye lugha anasemaje? Tukiipuuza ile alama, tunapata ngoma, ng'ombe, ngome. Tukiihesabu ng' kuwa herufi kamili, ng'ombe atakuja baada ya ngwena. Mimi naunga mkono njia ya pili. Ng' ni fonimu moja, hutofautisha maana, na mtoto wa chekechea huisoma kama sauti moja. Najua wapo watakaoniuliza: mbona sh usiitenge pia, shamba lije baada ya suka? Swali ni halali. Mwaka 1994 vyuo vya lugha ya Kihispania viliamua kwamba ch na ll zisipangwe tena kama herufi za pekee. Wao walikaa wakaamua. Sisi tumeiachia programu ituamulie.

Na mambo yamezidi kuchacha. Simu na programu nyingi za uandishi leo huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo nambari yake ni 8217. Iliyonyooka humweka ng'ombe kabla ya ngamia. Iliyopinda humtupa nyuma ya ngwena. Katika orodha moja ya darasa, akina Ng'ang'a, Ng'eno na Ng'etich wanaweza kutawanyika sehemu mbili kutegemea nani aliandika jina kwa kifaa gani, na anayetafuta jina kwa alama moja akaambiwa eti halipo. Nimewaona wanafunzi wakitumwa ofisi hadi ofisi kwa sababu hiyo, wakiwa wamesajiliwa tangu muhula wa kwanza. Marekebisho ni mistari michache tu ya maagizo: alama zote mbili zipewe uzito mmoja kabla ya kupanga na kabla ya kutafuta. Programu huria zinaruhusu yeyote ayaandike.