Tunapodaiwa matibabu ya meno tuliyopata bure isivyo halali

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi zinalijua ila husemwa kwa sauti ya chini: kutibiwa meno bila malipo kwa kutumia uongo, kisha kubainika na kudaiwa. Wengi wetu jambo hili likitupata hukimbia. Kukimbia ndiko kunakoharibu zaidi.

Mama mmoja wa kijiji cha Kibondo alimpeleka mtoto wake hospitali, analia jino usiku na mchana. Dirishani aliulizwa umri wa mtoto, akajibu, "Minne." Alijua kwamba watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi. Mtoto akapigwa sindano ya ganzi, akang'olewa jino la utoto lililooza. Lakini tabibu wa meno alipomulika kinywani aliona, nyuma ya meno ya utoto, gego kubwa jipya limekwisha kutokeza. Gego hilo ni la kudumu, nalo huota mtoto anapofikia miaka sita hivi. Ni nadra sana kulikuta kwa mtoto wa miaka minne. Tena meno mawili ya mbele ya chini yalikuwa yanalegea, kama yanavyolegea kwa watoto wanaoanza darasa la kwanza. Tabibu akauliza tena kwa upole, "Mama, mtoto ana miaka mingapi?" Mama akanyamaza. Karatasi ikarudishwa dirishani, akaandikiwa deni. Kwa kuogopa polisi aliondoka bila hata kuchukua dawa ya maumivu.

Kwa upande wa Kasulu tulisimuliwa habari nyingine. Dada mmoja alikuwa amevimba shavu kwa sababu ya gego lililotoboka. Wifi yake, mwalimu, akamhurumia na kumpa kadi yake ya bima. Picha ya kwenye kadi haikufanana naye. Kadi ikazuiwa hapo hapo, na mwalimu akaitwa kujieleza. Juma lile lile mtoto wa mwalimu akashikwa na malaria, na kadi haipo.

Hatuwahukumu watu hawa, maana shida tunaijua. Tangu serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia huduma za afya hospitalini mwaka 1993, fedha ya matibabu mara nyingi hudaiwa wakati maharage bado yako shambani. Na huku kwetu kuna historia nyingine. Miaka ya 1990 wakimbizi wa Burundi na Kongo walipowekwa katika makambi ya Kibondo na Kasulu, Nyarugusu ikiwa mojawapo tangu 1996, huduma za afya makambini zilikuwa za bure, na wanakijiji wa jirani nao walipokelewa. Tulizoea kwamba anayefika anatibiwa. Zahanati na hospitali zetu haziendeshwi hivyo. Ganzi, pamba na sindano hununuliwa, na fedha ya wanaochangia ni sehemu ya fedha inayovinunua.

Msamaha wa kweli upo, na wenye haki wautumie bila aibu. Kwa sera ya afya ya nchi yetu, watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wajawazito wamesamehewa. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wamesamehewa vilevile, pamoja na wagonjwa wa baadhi ya maradhi ya kudumu kama kifua kikuu na ukoma. Zaidi ya hao yupo maskini asiyeweza kabisa kulipa, hata kama ana miaka 35. Huyo huanzia kwa serikali ya kijiji chake. Mtendaji anayemfahamu humwandikia barua, na hospitalini huipeleka kwa ofisa ustawi wa jamii. Yule mama wa Kibondo hakuwa na haja ya kupunguza miaka ya mtoto. Angeweza kueleza hali yake na kuomba msamaha huo. Katika hospitali za Kanisa ni vizuri kuuliza kwanza, maana msamaha wa serikali hutegemea mapatano kati ya hospitali na halmashauri.

Bima nayo ina mipaka yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hutibu mtu aliyeandikishwa, si ukoo mzima. Mtumishi wa serikali aliyekatwa mshahara huandikisha mwenzi wake wa ndoa na wategemezi wasiozidi wanne. Wifi ambaye jina lake halimo hana bima, hata akiwa analala nyumba hiyo hiyo. Tunafahamu kwamba kwetu Waha ni vigumu kumnyima ndugu kitu kilichomo ndani ya nyumba. Lakini kadi si jembe la kuazimana.

Kisha liko jambo la afya yenyewe, na hili ndilo lililotusukuma kuandika. Kabla ya kung'oa jino tabibu huuliza: una shinikizo la damu? Sukari? Ugonjwa wa moyo? Damu yako hukawia kuganda? Penisilini hukudhuru? U mjamzito? Anayetumia kadi ya mwingine hulazimika kujibu kama mwingine, au tabibu husoma faili la mwingine. Mgonjwa wa sukari akitibiwa kwa jina la mtu asiye na sukari, kidonda cha jino kinaweza kuoza bila mtu kujua sababu. Mwenye kudhurika na penisilini anaweza kupewa penisilini. Na siku mwenye kadi atakapokuja mwenyewe, faili litasema ameng'olewa gego ambalo bado analo. Kwa mtoto ni hivyo hivyo: ganzi na dawa hupimwa kwa uzito na umri. Ukimpunguzia miaka, huenda umempunguzia na dawa.

Sasa, umekwisha kubainika, unadaiwa. Tufanye nini?

Kwanza rudi. Usitume mtoto, nenda wewe. Mwone mganga mfawidhi au ofisa ustawi wa jamii, useme ukweli wote mara moja. Uongo wa pili wa kufunika wa kwanza ndio unaowafanya wakuu wa hospitali wafikirie polisi. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, inahesabu kuwa kosa kujipatia mali kwa udanganyifu, na pia kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kudanganya. Kwa hiyo hofu ya mama yule haikuwa ya bure. Lakini mtu anayerudi mwenyewe na kuomba kulipa ana maneno ya kusema ambayo aliyekimbia hana.

Omba uandikiwe unadaiwa nini: kumwona tabibu kiasi gani, ganzi na kung'oa kiasi gani. Kama huwezi kulipa yote, omba kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe. Dai risiti kila mara. Katika vituo vya serikali malipo hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, hayawekwi mkononi mwa mtu. Hapa tuseme wazi: hospitali inaweza kudai gharama ya huduma, lakini adhabu ya kosa la jinai hutolewa na mahakama. Mtu akikuita pembeni na kutaka "faini" bila risiti, huyo anataka rushwa, na umjulishe mganga mfawidhi au TAKUKURU.

Aliyeazimwa kadi na aliyeiazima waende pamoja. Mwalimu wetu wa Kasulu alikwenda na wifi yake kwa ofisi ya bima, wakaeleza. Kurudishiwa kadi kulichukua muda, na muda huo alilipa fedha taslimu kwa kila ugonjwa nyumbani mwake. Ilimuuma, lakini hakulalamika.

Wapo pia wanaodaiwa kwa makosa. Mtoto ana miaka minne kweli ila ana mwili mkubwa, au mzee hakubeba kitambulisho. Hao wasilipe kwa hofu. Walete kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Wasiposikilizwa na mganga mfawidhi, waende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Haya hutokea hata kwenye nchi tajiri. Huko Uingereza, anayetibiwa meno au kuchukua dawa bure bila haki hutozwa nyongeza inayoweza kufika pauni 100 juu ya gharama yenyewe. Wakaguzi wa hesabu za serikali yao walieleza mwaka 2019 kwamba tangu 2014 hati milioni 1.7 za kudai malipo hayo zilifutwa, kwa sababu waliodaiwa walionekana kuwa na haki ya msamaha. Kwa hiyo cheti kikae mahali pamoja nyumbani, pasipovuja.

Wanaoungama kosa hili wanafahamu kwamba padre huwauliza pia juu ya kurudisha. Zakayo naye alirudisha. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo twaweza kumsaidia mwenzetu mwenye deni la hospitali kama tunavyosaidiana msibani, bila kutangaza sababu yake kanisani.

Mama wa Kibondo alirudi baada ya majuma mawili, katekista akimsindikiza. Alipanga kulipa kwa mafungu matatu, na la mwisho alilileta baada ya kuuza maharage. Siku hiyo alikuja na mtoto, kwa maana tabibu alikuwa ameona kitundu kidogo kwenye lile gego jipya, ambalo likingolewa haliotwi tena na jingine. Dirishani aliulizwa umri. "Sita na miezi mitatu," akajibu, akatoa fedha ya kuziba jino.