Nyumba njema si mlango: Funzo la Karen kuhusu ukarimu

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hufunzwa shuleni kama onyo kwa wale wanaohadaika na sura ya nje ya mtu au jambo. Leo ningependa, msomaji mpendwa, tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani nyumba, mlango na yale yaliyomo ndani. Kazi ya mpambaji wa nyumba imekwisha kuwa taaluma yenye heshima na malipo mema jijini Nairobi, hususan katika mitaa ya magharibi kama vile Karen na Lang'ata. Mpambaji huyo huamua rangi ya kuta, mahali pa viti, urefu wa mapazia na aina ya sahani zitakazoandaliwa wageni. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: nyumba hiyo inapambwa kwa ajili ya nani, na ni nani anayeubeba mzigo wa ukarimu wake?

Tuanze na lugha, kwa sababu maneno huhifadhi mawazo ambayo wenye kuyatumia wameyasahau. Neno mwenyeji limejengwa kwa mwenye na mji. Basi mwenyeji si mtu anayemiliki viti na meza tu, bali ni mtu mwenye mahali na mwenye watu. Karibu, neno tunalolitamka mara nyingi kuliko mengine mlangoni, asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kuwa jirani, kutokuwa mbali. Karamu na ukarimu nayo ni matunda ya shina moja la Kiarabu, shina lenye kubeba maana ya utukufu na utoaji. Kwa mujibu wa lugha yetu, basi, karamu isiyokuwa na ukarimu ni mlo tu, hata kama imeandaliwa kwa vyombo vya fedha.

Wapo wapambaji katika ulimwengu huu ambao falsafa yao inakaribiana na mawazo hayo. Katika majimbo ya Kusini mwa Marekani kuna desturi kongwe ya upambaji inayosisitiza kwamba nyumba haipambwi ili itazamwe, bali ili ikaliwe na ipokee watu. Wanaoifuata desturi hiyo hupenda samani zilizorithiwa kuliko zilizonunuliwa jana. Meza ya nyanya hukaa karibu na picha ya leo, maua hukatwa bustanini, na baraza pana la mbele huwekewa viti ili mpita njia aitwe apumzike. Vyombo bora havifungiwi kabatini vikingoja siku isiyofika, bali hutolewa na kutumiwa. Hapana shaka kwamba ipo hekima katika mafunzo haya.

Hata hivyo, historia inatudai tuufungue mlango wa pili. Katika nyumba za mashamba makubwa ya Kusini hiyo, jikoni aghalabu palijengwa mbali na nyumba kuu. Moto, joto na harufu vilitolewa kama sababu. Lakini mpango huo pia uliwatenga waliokula na waliopika, na waliopika walikuwa watumwa. Ukarimu uliosifiwa ulitoka mikononi mwa watu ambao wao wenyewe hawakukaribishwa mezani. Baraza lilikuwa pana, ila halikuwa pana kwa wote.

Sasa tuirudie Karen yetu. Chini ya vilima vya Ngong ipo nyumba ya mawe yenye paa la vigae vyekundu, iliyojengwa mwaka wa 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliishi humo tangu mwaka wa 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa lilipofilisika na kuuzwa. Ardhi ile ilikuwa ya juu mno kwa kahawa. Baadaye shamba liligawanywa viwanja. Serikali ya Denmark iliitoa nyumba hiyo kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, na tangu mwaka wa 1986 imekuwa makavazi. Wanafunzi wengi wa Nairobi wamepata kuizuru, wakatazama vitabu, samani za mbao na ngozi za wanyama, kisha wakapanda basi kurudi shuleni.

Mgeni anayezitazama samani hizo anaweza kudhani kwamba zenyewe ndizo zilizokuwa ukarimu. Waama, Blixen alikuwa hodari wa kupokea wageni. Mwaka wa 1928 Mwanamfalme wa Wales, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Nane, alikula chakula katika nyumba hiyo. Lakini chakula hicho kilipikwa na nani? Kilipikwa na Kamante Gatura, kijana Mkikuyu aliyelelewa shambani, ambaye Blixen alimtibu maradhi ya miguu na hatimaye kumfanya mpishi mkuu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, Kamante ni mtu wa kustaajabisha. Blixen anasimulia katika Out of Africa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1937, kwamba mpishi wake hakujua kusoma wala hakuyajali majina ya Kizungu ya vyakula. Aliviita kwa matukio ya siku aliyofunzwa kuvipika. Palikuwa na mchuzi wa radi iliyoupiga mti, na mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Hebu tutafakari. Hapa mtu amekabidhiwa ujuzi wa kigeni, naye anaupa majina yanayotokana na maisha yake. Kila sahani ikawa na tarehe, na jiko likawa daftari la historia ya shamba. Wanaisimu wanaochunguza namna jamii inavyounda istilahi wangeweza kupata mfano mwema katika jiko hilo.

Fauka ya hayo, Blixen anaeleza kwamba Kamante hakuvipenda vyakula alivyovipika kwa ustadi mkubwa namna hiyo. Vilikuwa vya wengine. Na jinsi Blixen alivyomwandika ndivyo vilivyomkera marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika makala yaliyomo kwenye Moving the Centre, kitabu cha mwaka wa 1993, Ngũgĩ alionyesha jinsi mwandishi huyo alivyomweka mpishi katika daraja moja na mnyama wa kufugwa anayependwa. Pendo la aina hiyo, alidai, lina ubaguzi ndani yake. Nakubaliana naye. Mtu anaweza kukutibu, kukufunza na kukusifu mbele ya wageni, na bado asikuone kuwa mwenzake.

Lakini kuna jambo moja zaidi ambalo haki inatutaka tulitaje. Miaka mingi baada ya kuiaga Karen, Blixen alitunga hadithi ya Karamu ya Babette, iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka wa 1958. Shujaa wa hadithi hiyo ni mpishi mkimbizi anayeshinda bahati nasibu na kuitumia fedha yote kwa karamu moja. Wageni wamo chumbani wakila. Msanii yumo jikoni. Sitadai kwamba Babette ni Kamante. Nasema tu kwamba mwandishi aliyehudumiwa kwa miaka mingi hatimaye aliandika hadithi ambamo anayehudumu ndiye mkubwa kuliko waliohudumiwa. Ni jambo la kuwafikirisha wanafunzi wa fasihi watakaoingia katika jiko la makavazi yale.

Huenda msomaji akauliza: je, sisi hatuna mapokeo yetu ya upambaji, hata tuyaazime ya Denmark na Marekani? Tunayo. Mtu aliyepata kuingia nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu anaijua daka, ile sehemu ya mbele yenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenyeji huweza kuzungumza na mgeni kabla ya kumwingiza ndani. Anaijua sebule, chumba cha mgeni kilicho karibu na mlango, ili mgeni apate faragha yake na wenye nyumba wapate yao. Anakijua kiwanda, yaani ua wa ndani unaoleta hewa na mwanga. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazina urefu wa kupita kiasi fulani. Ukutani zipo zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyowekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Kidaka, kwa umbo la neno, ni daka dogo. Mlango mkubwa wa kupokea watu umepata watoto ukutani. Nacho kiti cha enzi, kilichochongwa kwa mbao nyeusi na kunakshiwa kwa pembe, kilikuwa mahali pa kumketisha mgeni wa heshima.

Hata neno baraza limesafiri kutoka kwenye kiti cha mawe kilicho mbele ya nyumba. Leo tuna Baraza la Mawaziri, baraza la chifu na Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania. Utawala wetu umelipata jina lake kwa watu walioketi nje ya mlango wa mtu wakazungumza.

Walakini tusijidanganye kwamba mapokeo hayo hayana doa. Baadhi ya majumba hayo makubwa ya pwani yalikuwa na watumwa pia, na hao hawakukalia kiti cha enzi. Basi ulinganisho wangu hauna nia ya kuonyesha kwamba wageni walikosea na sisi tukapatia. Kusini mwa Marekani, Karen ya walowezi na miji ya mawe ya Waswahili zote zilijua kumpamba mgeni. Na zote, kwa viwango na namna tofauti, zilimficha aliyepika.

Methali yetu nyingine inatoa njia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kwa kejeli, kumfukuza mgeni aliyekawia. Mimi naiona kuwa kanuni ya haki. Inakiri kwamba ukarimu ni kazi: kuna maji ya kutekwa, kuni za kuchanjwa, vyombo vya kuoshwa. Inakiri pia kwamba kazi hiyo haiwezi kubebwa daima na mtu mmoja. Anayekula hatimaye hushika jembe. Katika nyumba za fahari nilizozitaja, jembe lilikaa mkononi mwa mtu ambaye hata siku ya kwanza hakuwa mgeni.

Na leo je? Enzi za ukoloni, Mwafrika alikaa Karen kama mtumishi, na mwanamume mzima mwenye mke na watoto aliitwa boi. Neno hilo limekwisha kufifia, lakini ramani ya nyumba haijafifia. Bado vyumba vya watumishi hujengwa nyuma, penye giza na nafasi finyu, hata pale ambapo kiwanja ni kikubwa mno. Bado kuna vikombe vya wenye nyumba na kikombe cha yaya. Bado mpambaji hutumia muda mwingi kuchagua pazia la sebuleni na asiulize taa ya chumba cha nyuma inawaka au haiwaki. Wala si Karen peke yake. Nyumba za walimu na wahadhiri, zenye vyumba viwili tu, zina makochi yaliyofunikwa vitambaa ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakalia, na msichana wa kazi anayelala jikoni.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Mada ya nyumbani ni miongoni mwa mada za kwanza tunazowafunza wanafunzi, nasi huifunza kama orodha: kiti, meza, kabati, dirisha. Tunaweza kuifunza kama historia. Meza ilitufikia kutoka Kireno, kabati kutoka Kiingereza, lakini kiti ni chetu cha Kibantu. Ndani ya chumba kimoja mwanafunzi anaweza kuisoma safari ya bahari nzima. Tuwape zoezi la kuichora nyumba wanamoishi, waandike kwa Kiswahili jina la kila sehemu, kisha waeleze ni nani anayeruhusiwa kuketi wapi, na ni nani anayekula mwisho. Wapo watakaogundua kwamba wanayajua majina ya samani zote ila hawalijui jina la ukoo la mtu anayewapikia.

Nao wanafunzi wanaosomea upambaji na usanifu wa majengo, ambao idadi yao haiko haba vyuoni, nawasihi wasiione kazi yao kuwa ni ya rangi na vitambaa pekee. Mchoro wa nyumba ni uamuzi kuhusu watu. Anayeweka dirisha katika chumba cha mtumishi ametoa hukumu, na anayeliondoa ametoa hukumu pia. Hakuna gharama kubwa katika kulipanga jiko ili anayepika aonane na wanaozungumza, wala katika kutenga kiti kimoja mezani kwa ajili yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Nasi tuhakikishe kwamba aliyeandaa chakula naye anapona pamoja na mwenyeji.