Kwa nini betri ya taa ya mvuvi huchoka: yanayotokea ndani ya betri ya lithiamu

BUNDA, Mara: Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hutegemea mambo mawili yanayopingana: giza la usiku usio na mbalamwezi, na mwanga wa taa unaowakusanya dagaa karibu na wavu. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Sasa, katika mwambao wa Mara ambako ndiko liliko eneo la Guta, wilayani Bunda, kama ilivyo katika mialo mingine ya ziwa hilo, taa za umeme zinazotumia betri zinachukua nafasi ya karabai. Baadhi ya betri hizo ni za lithiamu.

Betri ya lithiamu ni nyepesi kuliko ile ya asidi na risasi, jambo lenye maana kubwa ndani ya mtumbwi. Hata hivyo bei yake ni ya juu, na ikichoka mapema hasara ni ya mwenye chombo. Taa iliyokuwa ikiwaka kwa saa 10, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, itawaka kwa saa 8 tu pale betri inapobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake. Itazimika saa 10 alfajiri, wavu ungali majini.

Wengi hudhani kwamba betri imeisha "moto" wake kama mafuta yanavyoisha kwenye taa. Ukweli ni kwamba maumbile ya vitu vilivyomo ndani yake yamebadilika.

Vitu vinavyovimba na kusinyaa

Betri ya lithiamu ina sehemu kuu mbili zinazopokea na kutoa chembe za lithiamu zenye chaji, ziitwazo ioni. Sehemu hizo ni elektrodi hasi na elektrodi chanya. Betri inapochajiwa, ioni huhama kutoka elektrodi chanya kwenda hasi. Taa inapowashwa, hurudi zilikotoka. Safari moja ya kwenda na kurudi huitwa mzunguko.

Elektrodi hasi ya betri nyingi hutengenezwa kwa madini ya kinywe. Kinywe kina matabaka membamba ya kaboni yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Ioni zinapojipenyeza baina ya kurasa hizo, matabaka huachana kidogo na kinywe huvimba kwa takriban asilimia 10. Ioni zinapotoka, husinyaa tena. Elektrodi chanya nayo hubadilika: ile iliyotengenezwa kwa fosfati ya chuma na lithiamu hupungua ujazo kwa karibu asilimia 7 wakati wa kuchajiwa, kisha hurejea betri inapotumika.

Kwa hiyo kila usiku wa kazi betri hupumua. Baada ya mamia ya mizunguko, chembe za elektrodi hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila ufa hufungua uso mpya unaokutana na kimiminika kilichomo ndani ya betri, na utando mwembamba hujengeka juu yake. Utando huo huilinda elektrodi, lakini hujengwa kwa kutumia lithiamu ileile ambayo ingebeba umeme. Lithiamu iliyonaswa humo hairudi tena kazini.

Kikomo cha kujaza

Elimu ya kikomo cha kuchaji ni ya tangu mwanzo wa betri hizi. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionesha kuwa oksidi ya kobalti inaweza kutumika kama elektrodi chanya. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa Japani aliunda betri iliyokuwa msingi wa zile zilizoingia sokoni mwaka 1991. Wawili hao, pamoja na Stanley Whittingham, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Katika oksidi hiyo ya kobalti, ni takriban nusu tu ya lithiamu inayoweza kuondolewa kwa usalama. Ikizidi hapo, matabaka huteleza na kushindwa kurejea mahali pake. Betri zenye nikeli nyingi nazo husinyaa kwa ghafla zinapokaribia kujaa, na chembe zake hupasuka. Ndiyo sababu chaja sahihi hukata umeme kwa kiwango maalumu, na chaja isiyolingana na betri huiharibu.

Desturi ya kuachwa

Mtumiaji wa betri ya asidi na risasi hufundishwa kuihifadhi ikiwa imejaa, kwa kuwa ikikaa bila chaji sahani zake hujenga ugumu usioondoka. Desturi hiyo haifai kwa betri ya lithiamu. Ikikaa imejaa mahali penye joto, utando ule huongezeka hata kama taa haijawashwa.

Jambo hili linawahusu wavuvi wa dagaa hasa, kwa sababu siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika na taa huwekwa kando. Betri ya lithiamu inayopumzika ihifadhiwe ikiwa na takriban nusu ya chaji, kivulini. Paneli ya sola ikae juani, lakini betri isikae juani pamoja nayo. Pia ni vema kuichaji kabla haijaisha kabisa, kwa kuwa mizunguko mifupi huchosha elektrodi kidogo kuliko mirefu.

Thamani iliyo katika umbo

Suala hili linaigusa Tanzania kwa upande mwingine pia. Kinywe kinapatikana Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Kinywe hakiingii ndani ya betri kama kinavyotoka ardhini: husafishwa, chembe zake huviringwa na kupakwa kaboni ili zihimili kuvimba na kusinyaa. Sehemu kubwa ya thamani hupatikana katika kazi hiyo, na hapo ndipo umuhimu wa kuongeza thamani ya madini nchini unapoonekana.

Betri iliyochoka kabisa isipasuliwe, isichomwe moto wala kutupwa ziwani. Inaweza kuwaka na kutoa sumu. Itengwe na taka nyingine na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wanaotambuliwa kisheria.