Kihenge Kisichopandwa na Panya

Katika Mkoa wa Songwe mvua huanza kunyesha kadiri ya mwezi wa Novemba, nazo hukoma mwezi wa Aprili au Mei. Basi mahindi ya mvua huvunwa mara moja tu kwa mwaka, nayo hayana budi kuwalisha watu wa nyumbani mpaka mahindi mapya yakomae. Kwa hiyo mkulima ana kazi mbili: ya kwanza ni kulima, na ya pili ni kuyalinda aliyoyavuna. Wengi huifanya vizuri ile ya kwanza, lakini ya pili huidharau. Hata ufikapo mwezi wa Januari, wakati wa palizi, hufungua kihenge na kukuta magunzi matupu. Mwivi aliyewatangulia ni panya.

Vita na mnyama huyu haianzi kwa mtego, bali kwa kuzijua tabia zake. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa hiyo hana budi kutafuna kila siku, ili yapunguke. Hutafuna mti, udongo mkavu, gunia na kamba. Tena ni hodari wa kupanda: kila kitu chenye mikwaruzo, kama gome la mti au ukuta wa udongo, kwake ni ngazi. Aweza kuruka juu zaidi ya nusu ya meta, na panya mdogo hupenya katika tundu jembamba kama kidole. Uzazi wake nao ni wa ajabu. Panya shamba huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, na mimba yake huchukua zaidi kidogo ya majuma 3 tu.

Lakini kuna mambo asiyoyaweza. Kucha zake hazishiki bati laini. Meno yake hayatoboi bati zima. Wala hawezi kupita chini ya kitu kipana kilichotokeza juu ya kichwa chake. Hapo ndipo mahali pa kumshinda.

Sasa na tuviangalie vyombo ambavyo mtu aweza kuchagua. Kuna dari juu ya mafiga. Moshi wake huwafukuza wadudu, lakini panya hupanda ukutani na kutembea juu ya boriti apendavyo. Kuna magunia yaliyopangwa chumbani. Hayo ni mepesi kuchukuliwa sokoni Tunduma, lakini panya huyatoboa kwa usiku mmoja. Kuna kihenge kilichosukwa kwa fito na kukalishwa chini juu ya mawe. Hicho hupitisha upepo na kukausha mahindi, lakini panya huona mawe yale kuwa kizingiti cha nyumba yake.

Kilicho bora ni kihenge kile kile cha fito kilichoinuliwa juu ya miguu. Miguu hiyo yafaa iwe na urefu wa meta 1 au zaidi kutoka chini mpaka sakafu ya kihenge, ili panya asiweze kuruka na kufika. Kisha kila mguu huvikwa bati lililokunjwa kama mwavuli uliofunuliwa, mdomo wake mpana ukielekea chini. Bati hilo huwekwa karibu na sakafu, nalo litokeze shubiri moja pande zote, wala pasiwe na nafasi kati yake na mti. Panya akipanda mguu hufika chini ya mwavuli ule, hutazama huku na huku, asione njia, akarudi alikotoka. Asiye na bati jipya aweza kulipasua debe kuukuu.

Akili hii haijulikani Afrika peke yake. Huko Uingereza watu wengi hupenda kuwawekea ndege nafaka bustanini, hasa wakati wa baridi. Adui wao ni kindi wa kijivu, ambaye aliletwa kutoka Marekani katika karne ya 19, naye hupanda mti wa chombo na kuwanyang'anya ndege chakula chao. Nao wakaona dawa ni ile ile: hukiweka chombo juu ya nguzo laini, mbali na miti, na kuivika nguzo mwavuli wa bati.

Lakini mwavuli mzuri haufai kitu ikiwa njia nyingine imeachwa wazi. Mtu aweza kuivika miguu yote sita bati, kisha jioni akasahau ngazi imeegemea kihenge. Usiku ule ule panya watapanda kwa ngazi, kama wageni walioalikwa. Kadhalika tawi la mti lililo juu ya paa ni daraja, na kuni zilizorundikwa chini ni kipandio. Basi ngazi na iondolewe kila mara, matawi yakatwe, na mahali pawe peupe kwa meta 2 au zaidi pande zote.

Watu wengine siku hizi hununua pipa kubwa la bati lenye kifuniko cha kukaza. Chombo hiki humzuia panya kabisa, lakini kina sharti lake. Mahindi yanayotiwa ndani lazima yawe yamepukuchuliwa na kukauka vema, kwa sababu upepo haupiti humo. Yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo mtu asimkimbie panya akaangukia mikononi mwa adui mwingine.

Panya haleti njaa tu, bali na maradhi pia. Viroboto wake waweza kuchukua tauni. Katika wilaya ya Lushoto ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980, ukarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Tena mahindi aliyoyakojolea panya hayafai kuliwa, hata kama hakuyatafuna.

Mwenye kihenge ana rafiki wawili wa usiku. Wa kwanza ni paka, ambaye watu wote wamjua. Wa pili ni bundi. Wengi humwogopa na kumpiga mawe wakidhani huleta msiba, kumbe chakula chake ni panya, na anayemwua bundi huwaokoa wezi wake mwenyewe.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno lao ni kweli, lakini akiba isiyolindwa huliwa. Kazi ya kuvika miguu ya kihenge ni ya siku moja. Kazi ya shamba ni ya miezi mingi. Ni hasara kubwa kuipoteza ile ya miezi kwa kuionea uvivu ile ya siku moja.

Maswali
1. Kwa nini panya hana budi kutafuna kila siku?
2. Mwavuli wa bati humzuiaje panya?
3. Taja njia tatu ambazo panya aweza kupita ijapokuwa miguu ya kihenge imevikwa bati.
4. Pipa la bati lina sharti gani, na kwa nini?