Ada ya Redio ya Setilaiti na Saa za Barabarani

Redio ya setilaiti ya kulipia ni huduma ambayo matangazo yake hupandishwa kutoka kituo cha ardhini hadi kwenye setilaiti, kisha setilaiti huyashusha moja kwa moja hadi kwenye kipokezi cha msikilizaji, ambacho kwa kawaida kimefungwa ndani ya gari. Kwa kuwa mawimbi yake hufunika nchi nzima kwa wakati mmoja, msafiri wa kilomita 1,000 hubaki na idhaa ileile tangu anapoondoka hadi anapofika, ilhali mawimbi ya FM hufifia baada ya makumi machache ya kilomita. Soko linalofaa zaidi kupimia kama ada ya huduma hii inastahili kulipwa ni Marekani, ambako biashara hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka 20, na jibu hutegemea mambo mawili: saa ambazo mteja hukaa barabarani, na bei anayoilipa hasa, ambayo mara nyingi siyo ile iliyotangazwa.

Mwaka 1997 tume ya serikali inayosimamia mawasiliano nchini humo iliuza kwa mnada leseni mbili za masafa, nazo zikachukuliwa na kampuni mbili zilizokuja kushindana vikali: XM, iliyoanza kurusha matangazo Septemba 2001 kwa ada ya dola 9.99 kwa mwezi, na Sirius, iliyofuata mwaka 2002 kwa dola 12.95. Kila moja ilirusha setilaiti zake angani na kujenga mitambo ya kurudufisha mawimbi mijini, kwenye majengo marefu na mahandaki yanayoziba anga, kabla ya kupokea hata senti moja ya mteja, kisha zikapandishiana dau la kuwapata watangazaji mashuhuri, kiasi kwamba mwaka 2004 Sirius ilimwajiri Howard Stern kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 500. Muungano wao ulioidhinishwa Julai 2008 haukuziondolea mzigo wa madeni, na mapema mwaka 2009 kampuni mpya ya Sirius XM ilikuwa ukingoni mwa kufilisika hadi kampuni ya Liberty Media ilipoikopesha dola milioni 530 na kuchukua asilimia 40 ya umiliki wake.

Historia hiyo inamhusu mteja wa leo kwa sababu inaeleza tabia ya bei. Gharama kubwa ya biashara hii ni ile isiyobadilika, yaani gharama ambayo hulipwa kwa ukubwa uleule wawe wasikilizaji 1,000 au milioni 30, kwa kuwa setilaiti haichoki zaidi kwa kuongezewa msikilizaji mmoja. Mrabaha, ambao ni malipo ya wenye haki za muziki, huenda sambamba na mapato, hivyo nao haumlazimishi mwuzaji kung'ang'ania bei ya juu. Kwa hiyo kampuni hupata faida hata kwa mteja anayelipa kidogo, na hupoteza kila kitu kwa mteja anayeondoka. Hapo ndipo ulipo uwezo wa mteja wa kujadiliana, na inasikitisha kwamba wengi hawaujui.

Ushahidi umo katika hesabu za kampuni yenyewe. Kifurushi chake kikubwa kimekuwa kikitangazwa kwa bei inayokaribia dola 25 kwa mwezi, lakini wastani wa mapato kwa kila mteja mwaka 2024 ulikuwa dola 15 hivi, tofauti ambayo haielezeki bila ya kuwapo watu wengi wanaolipa bei ya punguzo au vifurushi vidogo. Ofa za takriban dola 5 kwa mwezi, zinazodumu hadi mwaka mzima, zimekuwa za kawaida kwa wateja wapya na kwa wale wanaopiga simu kutaka kujitoa. Juu ya bei iliyotangazwa huongezwa ada ya mrabaha wa muziki, ambayo katika vifurushi vyenye muziki imezidi asilimia 20, pamoja na kodi. Mteja wa bei kamili, kwa hiyo, hulipa takriban dola 360 kwa mwaka, na yule wa punguzo takriban dola 72, huku wote wawili wakisikiliza mawimbi yaleyale.

Tofauti hiyo ingevumilika zaidi kama kuondoka kungekuwa rahisi. Kipindi cha majaribio anachopewa mnunuzi wa gari, ambacho mara nyingi ni cha miezi mitatu, humzoesha huduma. Punguzo likiisha, bei hupanda na kadi ya benki huendelea kukatwa. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3.8 katika suluhu na wanasheria wakuu wa majimbo 45 na mji mkuu wa Washington kuhusu namna ilivyowatoza wateja. Desemba 2023 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliishtaki kwa kuwachosha wateja waliotaka kujitoa, na Novemba 2024 jaji aliamua kwamba utaratibu wake wa kujitoa ulivunja sheria ya shirikisho. Ada inayodumu kwa sababu mlipaji ameshindwa kuisitisha haiwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa thamani.

Kwa nani, basi, huduma hii ina thamani? Dereva wa lori la masafa marefu, ambaye sheria humruhusu kuendesha hadi saa 11 baada ya mapumziko ya saa 10, aweza kusikiliza saa 200 kwa mwezi, na hata kwa bei kamili kila saa itamgharimu senti 15 tu. Kazi hiyo imewavuta wahamiaji wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, na katika majimbo kama Wyoming na Montana, ambako barabara hupita mbali na minara ya simu, muziki wa kwenye intaneti hukatika. Mpenzi wa michezo naye hupata mechi za ligi kuu za Marekani zikitangazwa moja kwa moja popote alipo. Lakini mkazi wa mjini anayeendesha nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, ambaye simu yake ina intaneti wakati wote, kwa dola 12 hivi kwa mwezi hupata maktaba ya nyimbo anazozichagua mwenyewe, na kwa kupakua vipindi anavyovitaka hupata mazungumzo bure. Huyo, akitozwa bei kamili, anapunjwa. Sauti pia si hoja ya kumshawishi, kwani idhaa nyingi zimebanwa katika masafa finyu, na idhaa za muziki husikika hafifu kuliko muziki wa intaneti wa kiwango cha kawaida. Isitoshe, orodha ya idhaa imejengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, ikitawaliwa na Kiingereza pamoja na sehemu ya Kihispania na Kifaransa, hivyo msikilizaji wa Kiswahili aishiye huko bado huzitafuta redio za nyumbani kwenye intaneti.

Afrika yenyewe iliwahi kuwa uwanja wa jaribio la aina hii, na pengine lililokuwa na dhamira njema kuliko yote. Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, alianzisha WorldSpace mwaka 1990 akikusudia kuwafikishia habari na elimu watu ambao redio za kawaida hazikuwafikia, na setilaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998. Vipokezi vya mwanzo viliuzwa kwa mamia ya dola katika bara ambalo redio ndogo ya betri ilipatikana kwa pesa kidogo sana. Antena ya kila kipokezi ilihitaji kuelekezwa angani bila ya kizuizi, na bila ya mitambo ya kurudufisha mawimbi mijini huduma haikufaa kwa gari linalotembea. Wakati huohuo Kenya na Tanzania zilikuwa zimeruhusu redio za watu binafsi, na FM ikajaa vituo visivyotoza chochote. Wengi wa wateja waliokuwa wakilipa ada walikuja kupatikana India, ambako WorldSpace nako ilitoa huduma, nao hawakutosha: kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika Oktoba 2008. Katika kulinganisha masoko haya mawili huonekana kwamba kilichoiokoa biashara ya Marekani ni gari, kwa kuwa watengenezaji hufunga kipokezi kiwandani na kupewa sehemu ya mapato, naye mteja hanunui kifaa kwa pesa yake.

Hata hivyo nguvu hiyo inapungua. Idadi ya wateja wa Sirius XM, iliyokuwa takriban milioni 33 mwaka 2024, imekuwa ikishuka taratibu, na Julai 2025 kampuni ya simu ya T-Mobile ilianza kuuza huduma ya simu zinazounganishwa moja kwa moja na setilaiti za Starlink pale ambapo hakuna mnara. Huduma hiyo ilianza na ujumbe mfupi, lakini ikifikia uwezo wa kubeba sauti kwa saa nyingi, barabara za Wyoming zitaacha kuwa milki ya redio ya setilaiti peke yake. Dereva anayefunga mkataba sasa ana sababu ya kulipia mwaka mmoja tu kwa bei ya punguzo, na kuiandika mapema tarehe ambayo punguzo hilo litakoma.