Paundi kwa paundi, mzani unaowapendelea wa katikati

Julai 2023 mashabiki wa ngumi walipata ubishi ambao hadi leo haujaisha. Jumanne ya Julai 25, jijini Tokyo, Mjapani Naoya Inoue alimmaliza Stephen Fulton raundi ya nane na kumnyang'anya mikanda miwili, tena katika pambano lake la kwanza baada ya kupanda uzito. Jumamosi iliyofuata, Las Vegas, Mmarekani Terence Crawford alimwangusha Errol Spence mara tatu kabla mwamuzi hajasimamisha pambano raundi ya tisa.

Nani zaidi? Jarida la The Ring lilimpa Crawford namba moja, Inoue namba mbili. Waliokuwa upande wa Inoue walinuna, na hoja walikuwa nayo.

Hiyo ndiyo orodha ya paundi kwa paundi. Wanaoipanga wanajiuliza, kama mabondia wote wangekuwa na uzito mmoja, nani angewapiga wenzake? Swali tamu la kijiweni, ila jibu lake halipo ulingoni. Inoue anapigana na kilo 55, Crawford siku ile alikuwa na 66. Hakuna promota mwenye akili timamu atakayewakutanisha.

Shabiki wa soka ana unafuu. Simba na Yanga wakitambiana mtaani, dabi ipo kwenye ratiba. Orodha hii inafanana zaidi na Ballon d'Or, ambako kipa anapimwa kwa macho yaliyozoea kutazama mabao. Tangu tuzo ile ianze mwaka 1956, kipa aliyewahi kuibeba ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963. Sasa kweli makipa wote waliofuata walikuwa wa kawaida?

Kwenye ngumi, wanaonyimwa namna hiyo wako pande mbili. Kuna wadogo, wanaopigana usiku ukiwa bado mchanga, kabla ukumbi haujajaa. Roman Gonzalez wa Nicaragua alikuwa na kilo 51 alipopewa namba moja mwaka 2015, na hapo ni baada ya Floyd Mayweather kutangaza kustaafu. Akapanda uzito kutafuta mapambano makubwa zaidi. Machi 2017, New York, majaji wawili wakampa ushindi Srisaket Sor Rungvisai, mmoja akasema sare. Wengi waliotazama waliona Gonzalez kashinda, lakini namba moja ilikwenda.

Upande wa pili wako mababe wa uzito wa juu, na hapa ndipo pa ajabu. Mike Tyson aliongoza orodha ya The Ring mwishoni mwa miaka ya 1980, akapigwa na Buster Douglas Februari 1990, na baada yake uzito wa juu ukasahaulika pale kileleni kwa zaidi ya miaka 30. Lennox Lewis hakufika. Wladimir Klitschko, aliyetawala karibu muongo mzima, naye hakufika. Bondia wa uzito wa juu hana pa kupanda. Akimpiga mtu, wanasema ni ukubwa wa mwili.

Aliyevunja mwiko ni Oleksandr Usyk, Mei 2024, alipomshinda Tyson Fury kwa pointi mjini Riyadh. Usyk alipima kilo 101, Fury 119. Yaani hata huyo mzito alipewa kiti kwa sababu alikuwa mdogo kuliko mpinzani wake, na alishabeba mikanda yote ya uzito wa chini yake kabla ya kupanda. Aliyemtoa kileleni? Inoue, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amepewa namba moja siku chache nyuma, baada ya kumsimamisha Luis Nery raundi ya sita.

Ubishi huu si wa maneno matupu. Promota akikaa mezani na kituo cha televisheni, namba hiyo ndiyo anayoitanguliza. Na wenye jarida nao si watu wa pembeni. The Ring ilinunuliwa mwaka 2007 na kampuni ya Oscar De La Hoya, promota, na mwaka 2024 ikaenda kwa Turki Alalshikh wa Saudi Arabia, mwandaaji wa mapambano makubwa ya Riyadh. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu kwa hila. Ila fikiria msimamo wa ligi ungechapishwa na gazeti la mwenye timu.

Kompyuta nayo si mwarobaini. Mwaka 2018 Hassan Mwakinyo alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, na mtandao wa BoxRec, unaopanga mabondia kwa hesabu, ukamrusha ngazi nyingi kwa mpigo. Ushindi ulikuwa halali kabisa. Lakini mtu habadiliki kiasi hicho ndani ya raundi mbili.

Kipimo chenye nafuu ni kuangalia bondia amemfuata nani, na amemfuata wapi. Septemba 2025 Crawford alipanda uzito mara mbili kwa mkupuo, hadi kilo 76, akamshinda Canelo Alvarez kwa pointi na kubeba mikanda yote. Hapo hata wabishi walinyamaza kidogo. Inoue naye ameshabeba mikanda yote katika uzito aina mbili. Ila kwa mwili wake hana Canelo wa kumfuata. Walio juu yake kwa kilo mbili tatu, nje ya wapenzi wa ngumi, hakuna anayewajua hata kwa jina.