Mbwa wa getini naye ana Sabato

Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam wenye mageti ya chuma una kibao kilichoandikwa "Mbwa Mkali". Huyo mkali mchana kutwa amefungiwa bandani, anasubiri ugali wa dona na dagaa. Usiku anafunguliwa awalinde watu waliolala. Jumapili yupo kazini, Krismasi yupo kazini. Wengi wao huzeeka na kufa bila kutembea hatua mia nje ya geti wanalolilinda.

Fungua Kutoka 20:10. Mungu alipoamuru siku ya mapumziko hakumtaja mwenye nyumba peke yake. Aliwataja watoto, watumishi, mgeni, hata wanyama. (Mke hakutajwa, na akina mama wa usharika wetu wana maoni yao kuhusu hilo.) Sura ya 23 ya kitabu hichohicho inawataja ng'ombe na punda. Mbwa hakutajwa kwa jina, lakini mjini kwetu mnyama afanyaye kazi nyumbani ni yeye.

Amri hiyo imenikaa kichwani tangu niliporudi Bagamoyo, kilometa kama 70 kutoka Dar, nilikokwenda kwa siku mbili na rafiki yangu na mbwa wake, Simba na Popi. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake.

Mbwa hao walikuwa wa mama yake. Mama alipata kiharusi, na kwa miaka miwili binti huyu akawa mikono na miguu yake. Alimgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, akamfulia mashuka saa nane usiku. Siku ya mazishi watu walijaa, maturubai yakafungwa, masufuria ya pilau yakapikwa. Matanga yalipokwisha kila mtu akarudi kwake. Mwenzangu akabaki na nyumba, mbwa wawili na daftari la hesabu za kwaya, maana yeye ndiye mweka hazina. Hakukosa ibada hata moja. Aliyemuuliza hali alijibiwa, "Namshukuru Mungu." Mwili ulizidi kupungua wiki hadi wiki na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu anayekuja kanisani kila Jumapili hatumtembelei. Tunawatembelea waliopotea.

Siku moja, akichambua mchele jikoni kwake, akaniambia, "Dada, nikipiga magoti siku hizi sisemi kitu. Naangalia sakafu tu."

Tunapenda kuhubiri habari za Eliya wa mlima Karmeli, yule wa moto. Sura inayofuata, 1 Wafalme 19, tunaipita haraka. Humo nabii huyohuyo amelala chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumkumbusha ushindi wa jana. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala. Akaamshwa, akala tena. Alipoulizwa anafanya nini pale alikuwa ameshafika Horebu, baada ya siku arobaini. Kwa hiyo sikumpa rafiki yangu mstari wowote wa kusoma. Nilimwambia twende baharini.

"Na mbwa je?"

"Tutakwenda nao."

Kusema ni rahisi. Basi halibebi mbwa, nyumba za wageni mbili zilitukatalia kwenye simu. Mwishoni tulipata nyumba ndogo yenye ua, na kaka yake akatuazima pikapu. Tulibeba vyeti vya chanjo ya kichaa cha mbwa, minyororo, na madumu ya maji baridi, kwani mbwa akinywa maji ya bahari hutapika na kuharisha.

Jambo moja lilitaka adabu zaidi. Bagamoyo ina Waislamu wengi, na kwa Waislamu wa pwani yetu mate ya mbwa ni najisi. Akiguswa nayo, aliyetoka kutawadha hawezi kuingia msikitini bila kujitakasa kwanza, mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo tulitoka alfajiri baada ya watu kuswali, au jioni maji yakiwa yamekupwa na ufuo ni mpana, na minyororo hatukuifungua karibu na watu. Mzee mmoja mwenye kanzu alitukuta njiani. Tulivuka upande wa pili, tukasimama na mbwa wetu mpaka apite.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mabinti zangu. Ahsanteni." Akasimama kwa mbali. "Hao wanaiona bahari kwa mara ya kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

"Wapelekeni kule mbele, kuna mchanga mzuri."

Simba, anayeogopwa na mtaa mzima, aliliogopa wimbi. Likija anakimbia, likirudi analifuata akilibwekea. Popi alichimba mashimo ya kaa mpaka pua ikawa nyeupe. Rafiki yangu alikaa mchangani akiwatazama. Nikamsikia anacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kirefu ambacho hata makaburini hakukitoa. Sikusema neno. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa chini naye kimya (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua midomo. Popi alikuja, akalala juu ya miguu yake na mchanga wake wote.

Wenyeji husema jina la mji huo limetokana na maneno "bwaga moyo". Wengine wanaeleza kwamba ni furaha ya wapagazi walioitua mizigo ya pembe za ndovu baada ya kutembea zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Ujiji. Wengine wanasema ni uchungu wa watumwa waliouacha moyo bara kabla ya kupandishwa majahazini. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua. Jioni ile pwani niliziona zote mbili kwa mtu mmoja.

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa ililia. Mweka hazina wa kwaya alikuwa bado amelala. Nilisimama mlangoni, mkono karibu ugonge, nikaurudisha. Najua wapo watakaonilaumu, na mmoja wao ni mzee wa kanisa letu. Lakini Bwana mwenyewe alisema Sabato ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu (Marko 2:27), na mwanadamu niliyekuwa naye alikuwa na deni la usingizi wa miaka miwili. Nilikaa barazani na Simba na Popi. Hawakuwa na geti la kulinda, nao wakalala.

Saa tano alitoka, kitenge kimepinda, alama za mto shavuni. Akawajazia mbwa maji, akaketi kwenye ngazi.

"Dada, wale changu wa jana wamebaki? Nina njaa."